Daktari wa Maumivu Nilimpata wa Nne

Juzi usiku napamba keki ya kipaimara, ujumbe ukaingia. Ni dada mmoja wa Dodoma, fundi cherehani, ananisoma tangu nilipoandika habari za mtaji. "Dada, mgongo unanitesa mwaka wa pili huu. Nimeambiwa nitafute daktari bingwa wa maumivu. Wewe wako ulimpataje?" Nilitaka kumjibu mistari mitatu, ikawa ukurasa. Nikaona niwaandikie wote, maana humu najua hakuna anayetaka kulala kitandani huku oda zinamsubiri.

Yangu ilianza Desemba 2021. Keki ya harusi ya tabaka tano, ukumbi uko ghorofa ya pili, lifti mbovu. Nakanyaga ngazi ya mwisho, nikasikia kitu kama shoti ya umeme kinatoka kiunoni, kinapita nyuma ya paja, kinatua kwenye kidole gumba cha mguu. Keki ilifika salama, hilo nalisema kifua mbele. Mpishi wake ndiye aliyerudi nyumbani kalazwa kiti cha nyuma cha Noah.

Miezi miwili nikaishi kwa diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu, za duka la dawa. Hayo tuyapite, mnayajua.

Daktari wa kwanza hakuniangalia usoni. Aliandika kipimo cha MRI akaita mgonjwa mwingine. Wa pili aliitazama picha, akaniambia nipunguze mwili na mawazo. Mwili ninao, sikatai. Lakini mgongo wenyewe hakuugusa! Nilipanda bajaji nalia, dereva akanipa pole ya msiba.

Wa tatu ndiye aliyeniumiza kuliko ugonjwa. Kliniki yake siitaji. Kiyoyozi, chai ya tangawizi mapokezi, kila mtu anatabasamu. Akaniahidi kupona asilimia mia kwa sindano kumi, laki tisa, pesa mbele. Nikauliza sindano ina nini. "Dawa ya mishipa, dada, inatoka nje." Nikalipa. Mimi ninayewahubiria kila siku mdai risiti kwa muuza unga, nikalipa bila risiti. Na vidonge vyangu nikaendelea navyo, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza ninameza nini. Baada ya sindano ya saba choo kikawa cheusi kama lami. Kumbe tumbo linavuja damu. Dawa za jamii ya diklofenaki zikitumika muda mrefu huweza kuchimba vidonda tumboni na kudhuru figo. Somo hilo nilipewa wodini, dripu mkononi.

Nesi wa wodi ile ndiye aliyenielekeza kwa wa nne, na nikashtuka kusikia ni daktari wa usingizi. Nilidhani hao kazi yao inaishia chumba cha upasuaji. Kumbe mabingwa wengi wa maumivu wametokea huko, kwa kuwa ganzi na njia za mishipa ya fahamu ndiyo fani yao. Kwa hiyo ukielekezwa mlango usioutarajia, usigeuze.

Yule mzee alinilaza, akanyanyua mguu mmoja umenyooka mpaka nikapiga kelele. Akanichoma nyayo kwa pini, huku na huku, niseme wapi pamekufa ganzi. Akanitembeza kwa visigino, kisha kwa vidole. Akauliza nalalaje, haja ndogo inazuilika, nimekunywa dawa zipi, zote, hata za mitishamba. Halafu swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Unataka kurudi kufanya nini?" Nikamwambia kubeba kiroba cha ngano cha kilo 50. Akacheka. "Hicho hata mimi nisingekubebesha ukiwa mzima."

Picha aliitazama mwisho. Diski, ile mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo, moja imetokeza, akasema, ila wapo wenye hizo wasioumwa popote. Akanitajia mapitio ya tafiti ya mwaka 2015: katika watu wasio na maumivu ya mgongo, diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Picha nilikuwa naitembeza kwenye bahasha kama hukumu ya mahakama.

Akanipa amitriptilini dozi ndogo, usiku. Dada yangu akasoma karatasi ya dawa akanipigia simu: "Wamekupa dawa ya sonona!" Nami nilishaelezwa kwamba hutuliza pia maumivu ya mshipa wa fahamu. Mazoezi ya fiziotherapia wiki kumi na mbili, yanachosha hata kuyasimulia. Baadaye sindano moja ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, karibu na uti wa mgongo, wakiongozwa na eksirei. Kabla ya kusaini aliniambia inaweza kusaidia wiki au miezi kadhaa, inaweza isisaidie kabisa, na diski haiponyi. Mimi ilinisaidia.

Sasa mdogo wangu wa Dodoma, mchague anayekugusa. Anayekuuliza unameza nini. Anayethubutu kukwambia huenda isisaidie. Jina la dawa liulize, uliandike. Madaktari wa Tanzania Bara husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kumuuliza mtu ubingwa wake ni wa nini si utovu wa adabu. Mbona fundi bomba tunamhoji mpaka anakasirika? Tunaliogopa koti jeupe, tunampenda anayetuahidi. Acheni, jamani. Mchague anayekugusa, narudia.

Ila haja ikianza kukutoka bila kujua, au haja ndogo ikigoma kutoka, au ganzi ikiingia sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au mguu ukalegea ghafla, achana na kuchagua. Nenda kitengo cha dharura siku hiyo hiyo.

Mimi asubuhi za baridi mguu bado unanikumbusha, na kiroba wanabeba vijana wawili. Ile kliniki hunitumia ujumbe kila sikukuu. Pasaka walikuwa na ofa, sindano kumi kwa bei ya nane. Tatu zangu zilizobaki hawajawahi kuzitaja.