Binti wa PCB na udahili wa vyuo

Shikamoo mama. Umeuliza kama binti yako wa Buhongwa, aliyemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB akiwa na B ya Biolojia, B ya Kemia na C ya Fizikia, aombe udaktari pale chuo cha afya cha Bugando, Mwanza, tu, na kama ufadhili wa masomo wa Samia (Samia Scholarship) utamfikia.

Kwanza tutenganishe hesabu mbili zinazowachanganya wengi. Kwenye cheti cha Baraza la Mitihani (NECTA) ana pointi 7, daraja la kwanza, na huko pointi chache ndiyo sifa. Kwenye udahili wa vyuo, A ni 5, B ni 4, C ni 3, kwa hiyo ana 11, na huku nyingi ndiyo sifa. Hizo zinatosha kuomba udaktari, ila kuwa na sifa siyo kupata nafasi. Bugando wanaoomba ni wengi na ufaulu wao mkubwa. Aombe, lakini aweke pia uuguzi, famasi au maabara, na chuo kingine nje ya Mwanza.

Ufadhili wa Samia huwaendea waliofaulu sayansi kwa kiwango cha juu kabisa. Kwa B, B, C msiutegemee, mama. Nguvu ziende kwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB): cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, msingoje wiki ya mwisho.

Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima athibitishe kimoja kwa namba maalumu atakayotumiwa kwenye simu aliyoandika wakati wa kuomba. Simu hiyo iwe ya kwake mwenyewe, siyo ya mtu wa steshenari.