Kwa Mnaoanza Meditesheni: Uanzie Wapi, Uchague Mtindo Upi

Karibu kila anayeanza huja na swali hili: nifanyeje ili nisiwaze kitu? Ondoa kwanza mzigo huo. Akili itawaza, ndiyo kazi yake, na hakuna mtindo ninaoujua unaomtaka mgeni aizime. Kazi yako ni ndogo zaidi: chagua kitu kimoja cha kukiangalia, na kila ukigundua kwamba umeshafika kwenye kodi ya nyumba au ugomvi wa jana, rudi. Ukirudi mara hamsini ndani ya dakika kumi, umefanya zoezi mara hamsini. Wengi huacha wiki ya kwanza kwa sababu wanahesabu kurudi huko kama kushindwa, na inaniuma kila nikiona, maana walikuwa wanafanya sawasawa.

Anza na kiti cha kawaida. Nyayo chini, mgongo umenyooka bila kukakamaa, mikono mapajani. Anayependa mkeka akae mkekani, ila aweke mto chini ya makalio ili magoti yashuke. Kukunja miguu kama sanamu za Budha si sharti. Goti lisilozoea litauma, na utamaliza muda wote ukilisikiliza goti. Pumua kama unavyopumua siku zote. Hesabu kila pumzi inapotoka, moja hadi kumi, kisha anza upya. Ukipotea, rudi kwenye moja. Hivi ndivyo wageni wengi wanavyoanzishwa kwenye mahekalu ya Zen, tawi la Ubudha, kule Japani. Zima data, weka alamu ya dakika kumi, basi.

Usisubiri ukimya. Ukiishi mjini, bodaboda zitapita na jirani atafungulia redio. Isikie sauti, iache ipite, rudi kwenye pumzi. Alfajiri kabla nyumba haijaamka ndiyo saa nzuri kwa wengi. Ukisinzia, fumbua macho nusu na utazame sakafu. Watu wa Soto, mojawapo ya madhehebu ya Zen, hukaa wakitazama ukuta, macho wazi kidogo. Ukisinzia kila siku, mwili wako unadai usingizi, kwa hiyo uongeze saa za kulala kabla ya kuongeza dakika za kukaa.

Kaa na zoezi hilo moja mwezi mzima. Kuonja mitindo mitano kwa wiki moja hakukufundishi chochote juu ya mtindo wowote; kunakufundisha kuruka tu kila uchoshi unapoingia. Na uchoshi utaingia. Ukishaupita mara kadhaa, ndipo mitindo mingine itakuwa na maana kwako.

Ukiona kuhesabu kumekuwa kwa mazoea, jaribu njia aliyoieneza mtawa wa Myanmar, Mahasi Sayadaw. Unaangalia tumbo linavyopanda na kushuka, na kila jambo linalojitokeza unalitaja kimoyomoyo: kusikia, kuwasha, kuwaza, kukasirika. Taja kwa lugha unayoitumia ukigongwa kidole, si lugha ya vitabu. Wanaofanya hivi hutembea pia, polepole sana, wakifuata mguu unavyoinuka, unavyosogea na unavyotua. Kwa mtu asiyeweza kutulia, ningemwanzishia hapo kwenye kutembea.

Wengi wamesikia habari za kozi ya Vipassana ya siku kumi. Aliyeieneza duniani ni S. N. Goenka, mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyezaliwa Myanmar, akaanza kufundisha India mwaka 1969. Kengele hulia saa kumi alfajiri, hakuna kuongea wala simu, na jumla ya muda wa kukaa hufika kama masaa kumi kwa siku. Siku tatu za mwanzo ni pumzi puani peke yake. Siku ya nne mnaanza kupitisha umakini mwilini, sehemu baada ya sehemu. Haina ada, huendeshwa kwa michango ya waliokwisha kuimaliza. Naiheshimu kozi hii, lakini sipendi iwe mlango wa kwanza. Mtu ambaye hajawahi kukaa nusu saa asijitupe kwenye siku kumi.

Ukihitaji njia ya upole zaidi, ipo ile ya Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo ya wiki nane mwaka 1979 kwenye chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo. Zoezi lake maarufu hufanywa ukiwa umelala chali: unaanza na vidole vya mguu wa kushoto na kupanda taratibu hadi utosini. Wenye maumivu ya mgongo, anzeni nalo.

Kisha kuna metta, zoezi la kutakia mema, ambalo watu hulidharau kwa kuliona la kitoto. Unaanza na wewe mwenyewe: niwe salama, niwe na amani. Unamwendea aliyekutendea wema, halafu mtu usiyemjua vizuri, kama muuza vocha wa mtaani, na mwisho yule mnayechukiana. Mabingwa wa kale walionya mgeni asianze na adui, wala mpenzi, wala marehemu, na walikuwa sahihi: hisia hizo ni nzito mno kwa mwanzo. Kwa mtu anayejisema vibaya moyoni kutwa nzima, naliweka zoezi hili mbele ya yote niliyotaja.

Sasa lile swali ambalo watu huuliza kwa kunong'ona: je, nitakuwa nimeingia dini nyingine? Kuhesabu pumzi hakukubadilishi dini, ila ni kweli kwamba mitindo mingi imetoka kwa Wabudha na Wahindu, na una haki ya kulijua hilo mapema. Anayetaka kubaki ndani ya imani yake ana njia. Padri Mbenediktini John Main alifundisha Wakristo kukaa kimya asubuhi na jioni wakilirudia neno moja, "Maranatha", yaani "Bwana, njoo". Na pwani yetu ina dhikri tangu zamani. Sheikh Uways wa Barawa, Somalia, aliyefariki mwaka 1909, alichangia sana kuieneza tarika ya Kisufi ya Qadiriya Zanzibar na bara. Lakini sitakwambia dhikri ni meditesheni kwa jina lingine. Mwenye dhikri anamkumbuka Mola wake. Utulivu ukija, ni nyongeza tu. Kaulize kwa sheikh au padri wako, usijifunzie mtandaoni.

Anayetaka kuwasikia Wabudha wenyewe hana haja ya kupanda ndege kwenda Asia. Dar es Salaam wana hekalu eneo la Upanga, na karibu na Entebbe kuna kituo alichokianzisha mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, mwaka 2005.

Jambo hili nalisema kwa uzito wote. Kama umepitia vita, kubakwa au kipigo, ukimya unaweza kuyafungulia yote kwa mkupuo. Kaa muda mfupi, macho wazi, au tembea. Moyo ukianza kwenda mbio na picha zikakung'ang'ania, simama, nawa uso, ongea na mtu. Tafuta mshauri nasaha au daktari, na usiache dawa zako kwa sababu unajisikia mtulivu.

Ukitafuta mwalimu, muulize alijifunza kwa nani, anatoza nini, na kama unaweza kuondoka katikati ya kozi bila ugomvi. Kutoza ada si kosa. Wanaofundisha Transcendental Meditation, ile ya mantra, neno la kurudia kimoyomoyo, kwa dakika 20 mara mbili kwa siku, hutoza waziwazi. Ila anayeanza kukutenga na ndugu zako, au anayedai pesa zaidi ili akufungulie siri inayofuata, ondoka kwake siku hiyohiyo. Pumzi za kuhesabu unazo nyumbani.