Mabati yaliyolala uvunguni

Swali lenu la juma hili lilikuwa: mhamiaji akiomba uraia na ombi likakwama, afanyeje? Mimi nimelelewa makazi ya wakimbizi ya Katumba, Katavi, kwa hiyo najibu kwa mabati.

Wazazi wangu waliingia kutoka Burundi mwaka 1972, wangali watoto. Mwaka 2007 ikaja hoja: kurudi, au kubaki na kuomba uraia wa Tanzania? Wengi tukabaki. Yetu ilikuwa njia ya mkupuo, wakimbizi wengi kwa pamoja. Anayeomba peke yake hutakiwa awe ameishi nchini jumla ya miaka 7 katika miaka 10, na juu yake mwaka mzima mfululizo kabla ya kuomba, tena ajue Kiswahili au Kiingereza. (Kiswahili kwetu hakikuwa shida; ndicho tulichogombania ukoko.)

Kufikia 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 yalishakubaliwa. Vyeti, hakuna. Tulitakiwa kwanza tuhamie mikoa mingine, kisha mwaka 2011 uhamisho wenyewe ukasimamishwa. Uraia tukawa nao kwa maneno, mkononi hamna kitu.

Baba alikuwa ameshanunua mabati 20 kwa fedha za tumbaku. Akayalaza uvunguni mwa vitanda vyetu, ncha zikichomoza, ukiamka usiku unakwaruza kisigino. Utaezekaje nyumba uliyoambiwa utaihama? Kila masika mama alitega mabeseni chini ya nyasi zinazovuja, na mabati yapo palepale. Jirani yeye aliezeka 2012. "Wakinihamisha nitayang'oa," alisema. Baba akamcheka: bati lililopigwa misumari halirudi kuwa bati.

Leo namwona jirani ndiye aliyekuwa na akili. Tunza stakabadhi, ulizia kwa miguu yako na uandike tarehe uliyokwenda, hakikisha jina lako limeandikwa sawasawa kila karatasi; dada yangu aliandikwa kwa "r" huku na "l" kule, akaitwa mara mbili kujieleza. Lakini ukishayafanya hayo, ezeka. Panda miembe. Peleka posa.

Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014. Mwaka uliofuata baba alipiga kura mara yake ya kwanza, na baada ya mavuno tukayavuta mabati. Manne yalikuwa yameliwa na kutu. Tukaezekea banda la mbuzi.