Usiidharau DS: kwa wewe unayeingia chuo mwaka huu

Mwaka wangu wa kwanza kipindi cha DS (Development Studies, yaani taaluma za maendeleo) kilikuwa saa moja asubuhi, na wengi wetu wa uhandisi tulikwenda kusaini mahudhurio tu. Wiki ya mwisho tukakesha na madesa, tukapata C zetu, tukarudi kwenye hesabu. Taaluma za maendeleo zinamsaidia nini mtu anayekwenda kulaza mabomba? Jibu nililipata nikiwa tayari kazini, jikoni kwa mama mmoja chini ya Mlima Meru.

Maji ya upande ule yana floraidi nyingi kwa sababu yanapita kwenye miamba ya volkano. Watoto wakicheka unaona meno ya kahawia, na aliyeyanywa kwa wingi miaka mingi huweza kupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki. Njia mojawapo ya kuiondoa ni kuyapitisha maji kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanya kwa muda mrefu. Mifupa isipoungua vya kutosha maji yananuka; ikiungua mpaka ikawa myeupe, inanasa floraidi kidogo. Hayo yote niliyajua vizuri. Mradi wetu uligawa vichujio vya ndoo, tukapima maji yanayotoka, yakawa safi, tukaandika ripoti.

Tuliporudi baada ya miezi kadhaa, kichujio cha nyumba ya kwanza kilikuwa kona ya sebule, kimefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya zamani. Nikamwamkia mama mwenye nyumba, nikamuuliza kama anakitumia.

"Nakitumia, mwanangu. Ya kunywa babu yao. Lakini humu ndani tuko saba, na mpaka hiki kijaze ndoo mimi nimeshapika, nimeosha vyombo, nimeshafika shambani."

Chai, uji, ugali, vyote vilipikwa kwa maji yaleyale ya zamani. Nikiwa bado nimesimama mlangoni akafunua sufuria ya makande, akatupia kipande cha magadi ili mahindi yalainike. Magadi yale nayo yana floraidi. Katika fomu zetu zote hapakuwa na swali hata moja kuhusu magadi. Nyumba ya jirani mzee mmoja alitaka kujua mifupa ni ya mnyama gani na nani alimchinja. Mimi nikaanza kumweleza kemia, naye alikuwa anauliza halali.

Aliyetutoa hapo ni mwenzetu aliyesoma sosholojia. Alikaa jikoni siku nzima, akaandika kila kikombe na kila sufuria maji yalikoingia. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba chuoni alikuwa amechukua somo moja la rasilimali za maji, kwa hiyo aliposema "tumekadiria lita za kunywa, hatukukadiria za kupikia," alisema kwa lugha ninayoielewa, akiwa na namba mkononi. Tukabuni upya: kichujio kikubwa kwenye kituo cha kuchotea maji, mifupa kutoka machinjio ambayo wazee wanayafahamu, na kikao cha kina mama kuhusu magadi. Bila yeye ningerudi mjini nikilalamika kwamba wanakijiji hawataki mabadiliko. Naumia nikifikiria ni miradi mingapi imefungwa kwa sentensi hiyo.

Kuna jingine. Miaka ya 1970 Tanzania iliruhusu hadi miligramu 8 za floraidi kwa lita kwenye maji ya vijijini, kwa sababu watu hawakuwa na chanzo kingine. Namba hiyo haikutoka maabara, ilitokana na hali ya nchi. Ukitaka kuielewa unahitaji yaleyale tuliyokuwa tunasinzia nayo saa moja asubuhi.

Wazazi watakwambia mshika mbili moja humponyoka, na wana hoja. Sikushauri ushike mbili. Shika fani yako, uijue mpaka ndani, halafu jifunze kuongea na jirani yako wa kitivo kingine. Sisi tulitenganishwa mapema mno: nilipopangiwa PCM (fizikia, kemia na hesabu) kidato cha tano, historia na jiografia niliziaga nikiwa bado mtoto. Na hesabu nyingi nilizokuwa nakesha nazo sasa programu inazimaliza kwa dakika. Kujua kwamba magadi yanapaswa kuingia kwenye hesabu, hilo bado linamtaka mtu.

Kwa hiyo chukua somo moja la hiari nje ya kitivo chako, mwaka wa pili au wa tatu. Ongea kwanza na mshauri wako wa masomo, ujue kama uniti zake zinahesabika. GPA inaweza kuyumba kidogo, sitakuficha, kwa hiyo usilipange muhula mmoja na somo lako gumu kuliko yote. Ukienda PT (mafunzo kwa vitendo), omba siku moja ya kukaa na watu watakaotumia kile mnachojenga, bila fomu mkononi.

Na DS nenda. Kaa mbele, karibu na mtu usiyesoma naye, umuulize kwao wanapika na maji gani.