Uliza Mchapaji: Garamond ya mlazo kwenye kadi ya harusi

SWALI: Assalaam alaykum, Maalim. Nina kibanda cha kuchapa kadi hapa Majengo. Mama mmoja ameniletea kadi ya harusi yake ya zamani, maandishi yamelala, membamba, mazuri mno. Anataka ya bintiye iwe vivyo hivyo. Rafiki yangu aliniambia ni Garamond, akanitilia fonti kwenye flashi. Nikibonyeza kitufe cha kulaza, herufi zinainama lakini hazifanani na za kadi ile. Kasoro iko wapi? Na je, niilaze kadi nzima?
Mchapa kadi, Majengo, Mombasa

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Kasoro iko kwenye flashi. Rafiki yako amekupa faili moja tu, la herufi za kusimama. Mlazo wa kweli una faili lake peke yake. Lisipokuwapo, kompyuta huzichukua zile za kusimama ikazisukuma upande, na hicho ndicho unachokiona.

Iweke kadi ya yule mama kando ya kioo cha kompyuta, uitazame herufi a. Ya kusimama ina kichwa kilichopinda juu ya tumbo. Ya mlazo haina kichwa, ni tumbo na kijiti, vile unavyoiandika kwa kalamu. Njoo kwenye f: ya kusimama inakomea kwenye mstari, ya mlazo inateremsha mkia chini yake. Ukiona a yako imeinama na kichwa chake, umesukumiwa herufi, hujapewa mlazo.

Tofauti hiyo ina asili yake, nami naipenda sana. Mlazo ulitoka kwenye mwandiko wa mkono. Mwaka 1501, mjini Venice, mchapaji Aldus Manutius alichapa mashairi ya Virgil, mshairi wa Kirumi wa kale, kitabu kidogo cha kushikika mkononi, chote kwa mlazo. Aliyezichonga herufi zile ni Francesco Griffo, akifuata mwandiko wa wasomi na makarani wa Italia wa zama zao. Kalamu ikienda mbio huinama na huacha kisicho cha lazima, ndipo a ikakosa kichwa. Na herufi kubwa za kitabu kile zote zilisimama wima! Kuzilaza nazo kulikuja baadaye.

Claude Garamond mwenyewe, Mfaransa aliyefariki mwaka 1561, sifa yake kubwa ni herufi za kusimama. Mlazo unaotembea na jina lake kwenye fonti nyingi za leo ni kazi ya Mfaransa mwenzake, Robert Granjon. Tafuta EB Garamond kwenye intaneti. Ni ya bure, hata kwa kazi ya kulipwa, na imefuata karatasi ya mfano wa herufi iliyochapwa Frankfurt mwaka 1592, ambamo wote wawili wamo. Pakua mafaili yote, la mlazo likiwamo, ndipo ufungue upya programu yako.

Sasa utazame majina. Tuseme bibi harusi ni Safia. Kwenye mlazo, kichwa cha f huinama mbele kikagonga nukta ya i. Wachonga herufi walilijua hilo tangu kale, wakatengeneza f na i zilizoungana, kipande kimoja. EB Garamond inacho, ila programu nyingine hazikitumii mpaka ukiwashe kwenye mipangilio ya fonti. Na ikiwa karamu iko Ng'ombeni, alama ile baada ya ng iwe imepinda, mgongo wake kulia. Ile iliyonyooka kama msumari inaharibu mstari mzima.

Kadi nzima usiilaze. Laza majina ya maharusi na maneno ya kualika, maana hapo msomaji hana haraka. Ukumbi, saa na nambari za simu zisimame, kwa sababu mtu atazitafuta akiwa ndani ya matatu, na kadi imeshikwa mkono mmoja. Herufi kubwa tupu za mlazo, neno baada ya neno, ziache kabisa. Mlazo unapendeza herufi ndogo zikifuatana.

Kuna na mazoea ya kulaza maneno kama inshallah na bismillahi yakiwa katikati ya maandishi yaliyosimama. Vitabuni hulazwa jina la kitabu au la gazeti, na neno la lugha ngeni. Maneno haya si wageni Mombasa. Yaache yasimame na wenzake.

La mwisho ni wino. Kadi za hapa wengi huzitaka za damu ya mzee kwa dhahabu, na mlazo wa Garamond una mistari myembamba ambayo dhahabu huimeza. Usishuke chini ya pointi 12, na ujaribu kwenye karatasi ile ile ya kadi, si ya kopi. Tazama tundu la e: likiwa limezibika, ongeza pointi moja au mbili. Usikimbilie kuikoleza herufi, kwa kuwa ukiikoleza utazidi kuliziba.