Maswali ya Wasomaji: Mbegu na Wabebaji Wake

Ndugu Mhariri, kikundi chetu kilichomeka mbegu 2,000 za mkoko kwenye tope lililo wazi mbele ya kijiji. Baada ya miezi mitatu hazikufika mia zilizobaki. Tulikosea wapi?
*Msomaji, Kilwa*

Mlikosea mahali. Tope wazi huvutia kwa kuwa halina mwenyewe, lakini jiulizeni: kama mkoko ungeweza kuishi hapo, mbona haujaota wenyewe miaka yote hii? Mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti mama, ikarefuka kuwa kijiti cha kijani cha karibu nusu mita, ndipo ikaanguka. Maji yakiwa yamekupwa, huchoma topeni hapohapo chini ya mama. Yakiwa yamejaa huelea ikiwa imelala, na siku zinavyopita upande wa mzizi hunywa maji ukawa mzito, mbegu ikasimama wima hadi ncha iguse chini. Kila bamvua limekuwa likiwaletea mbegu hizo bure. Ikiwa hazishiki, basi maji hukaa juu yake muda mrefu mno, au mawimbi huzing'oa, au vijidudu vya magamba magumu huzigandama mpaka zikalemewa.

Kabla ya kupanda tena, tafuteni ilipo miche iliyojiotea. Usawa ule wa ardhi, unaofikiwa na maji na kuachwa na maji kwa kadiri ileile, ndio shamba lenu. Mkiukosa popote, huenda tatizo si mbegu bali maji: tuta, barabara au bwawa la chumvi limeziba mkondo, na ni bora kuufungua kwanza.

Mbegu iliyokomaa huonyesha pete ya njano chini ya kofia yake, na ukiigusa hutoka bila ubishi. Ile inayokataa iacheni mtini. Kofia msiing'oe kwa nguvu, maana kichipukizi kimejificha ndani yake. Kikikatika, mmechomeka kijiti tu. Tupeni zenye matundu. Zilizobaki zilazeni kivulini siku chache, zifunikwe majani mabichi zisikauke: kaa hupenda mbegu mbichi kabisa, na ile iliyonyauka kidogo haimtamanishi sana. Chomekeni theluthi moja ya urefu, nafasi mita 1 kwa 1. Na angalieni kichwa na mkia! Ncha zote mbili zimechongoka. Upande mnene ndio wa mzizi; ule wenye kichipukizi chembamba huangalia juu.

Mchu, aina nyingine ya miti ya mikokoni, ni habari nyingine. Punje yake bapa haichomekwi. Ilowekeni siku moja, ganda litoke lenyewe, kisha iwekeni juu ya udongo wa kiriba na kuibonyeza kidogo tu. Mkiifukia itaoza.

Mbegu za mgunga nilizopanda kitaluni hazikuota hata moja, lakini ndani ya zizi la mbuzi zinaota bila kupandwa. Mbuzi ana dawa gani?
*Msomaji, Dodoma*

Ana tumbo. Ganda la mgunga halipitishi maji, na mbegu isiyonywa maji inaweza kulala ardhini miaka. Mbuzi hula tunda kwa utamu wake; mbegu nyingine huziponda kwa meno, nyingine hupita nzima, na zile zilizopita ganda lake limelainika. Tena anawahi kabla bungua hawajazimaliza. Ukitazama mbegu za mgunga zilizokaa chini ya mti mwezi mzima utaona kila moja ina kitundu cha mviringo, kama kilichotobolewa kwa sindano nene. Hizo hazina kitu ndani.

Kwa hiyo: mimina mbegu ndani ya maji ya kawaida, uzitupe zinazoelea. Chemsha maji, epua, kisha uyamwage juu ya mbegu, maji mara kumi ya mbegu, uziache zipoe humo kwa saa 24. Usiziweke motoni, utazipika. Zilizovimba zipande siku hiyohiyo, kina cha sentimita 1. Zilizobaki ngumu zikwangue kwa tupa upande ulio mbali na kitovu (alama ya pale iliposhikamana na tunda), mpaka weupe uonekane, uzirudishe majini.

Kukwangua huku kunaufaa mbuyu pia, ambao wabebaji wake ni tembo na nyani. Ila usichukue mbegu za mabuyu ya rangi ya dukani. Zile zimeshapita sufuriani na sukari.

Miche yangu ya mninga imekauka yote kiangazi. Ning'oe?
*Msomaji, Urambo*

Usiguse! Mninga mdogo hufa juu kila kiangazi huku mzizi ukinenepa chini, na unaweza kufanya hivyo miaka kadhaa kabla ya shina kupanda moja kwa moja. Weka kigingi penye kila mche ili mwenye jembe asiufyeke, na safisha nyasi kuzunguka kwa ajili ya moto. Ukitaka mbegu zaidi, okota matunda yale ya duara yenye bawa pande zote, yanayozungushwa na upepo. Mbegu moja au mbili zimo katikati, chini ya miiba myembamba inayochoma vidole. Vaa glavu, kata bawa, pasua kifundo polepole.

Mvule wetu ni mkubwa lakini hatujawahi kuona tunda.
*Msomaji, Muheza*

Ni dume. Mvule una miti dume na miti jike, na tunda hubebwa na jike tu. Tafuteni mti ambao popo huuvamia usiku: chini yake asubuhi mtakuta matunda laini, marefu kama viwavi wanene. Yapondeni ndani ya maji, mbegu ndogo za kahawia zizame, mzianike kivulini na kuzipanda mapema, kwani haziwekeki.

Nimepalilia kishona nguo mara tatu, kinarudi.
*Msomaji, Arusha*

Unakibeba wewe. Kila punje ina miiba 2 hadi 4 yenye vijino vinavyoelekea nyuma, hivyo huingia kwenye suruali na kukataa kutoka. Palilia kabla hakijachanua, na punje unazobandua kwenye nguo zitie motoni, usizikung'utie shambani.