Kila nikirusha, chambo kinabaki kwenye mwani

SWALI: Shikamoo Mzee Ndoana. Mimi ni kijana wa Kibosho, kwa sasa nasoma Cape Town. Jumamosi huwa naenda kuvua miambani upande wa False Bay. Huko kuna mwani mrefu mno wanaouita kelpu. Natumia chambo bandia, vile visamaki vya plastiki ngumu vyenye ndoana za meno matatu tumboni na mkiani. Kinanasa karibu kila nikirusha, inabidi nikate mshipi, na bei ya kimoja tu ningekula siku mbili. Nikirudi likizo naenda na mjomba bwawa la Nyumba ya Mungu, na huko nako magugu yananisumbua. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla sijafungua kibanda changu hapa Mbuyuni nilikuwa baharia, na meli ikitia nanga Cape Town nilikuwa sikosi miambani, kwa hiyo huo mwani nauelewa. Ndoana za meno matatu ndizo zinazokufilisi. Hiyo ya tumboni itoe kabisa, ya mkiani weka ndoana moja nene, ncha ikitazama juu. Kisha kivute hapo hapo miguuni pako ukitazame kinavyoogelea. Kikilala ubavu, ndoana uliyoweka ni nyepesi mno au nzito mno.

Ila kwa mahali hapo mimi ningeacha plastiki ngumu nikachukua ile laini, ya umbo la samaki au mnyoo. Chomeka ncha ya ndoana puani mwa chambo, itokeze chini baada ya upana wa ukucha, vuta mpaka tundu la ndoana lifichike puani, geuza ndoana, halafu ichome mwilini mpaka ncha iishie chini kidogo tu ya ngozi ya mgongo. Ipitishe kidole: usihisi kitu. Mwani nao hautahisi. Samaki akibana mdomo plastiki inabonyea na ncha inatoka yenyewe, lakini ukimsikia kaza kwa nguvu, kuvuta kwa kubembeleza hakutamchoma.

Sasa lile ambalo wauza chambo hawakuambii, maana halina bei. Kabla ya kurusha, simama uutazame mwani umelalia wapi. Kelpu imeshika mwamba chini, shina lake lina uwazi ndani na juu kuna boya la hewa, ndiyo maana majani yanaelea. Mkondo ukipita, yote yanalala upande mmoja. Wewe mtoto wa Kibosho umeshaburuta majani ya mgomba kupelekea ng'ombe: ukishika upande wa shina yanakuja kwa utaratibu, ukishika ncha yanafumuka na kukamata kila kitu njiani. Ndoana nayo inataka kufuata ulalo, kutoka shinani kwenda nchani. Kama umesimama upande ambao chambo kitarudi kikipanda kinyume cha majani, hama mwamba. Kutembea hatua chache ni bure.

Usirushe katikati ya msitu pia. Pitisha chambo sambamba na ukingo wake, au kwenye vichochoro vya maji matupu kati ya mashina, kwa sababu samaki anayewinda hujificha mle akingoja kitu kipite nje. Maji yakiwa yamekupwa, majani hutapakaa juu na vichochoro huziba. Nenda yakiwa yanajaa.

Kikinasa, usivute kwa hasira. Legeza mshipi, ngoja wimbi liunyanyue mwani, kisha tingisha ncha ya fimbo. Kikikataa, sogea pembeni uvute kutoka upande mwingine. Kikiwa kwenye jani, ukivuta polepole litachanika. Kikiwa kwenye shina, hapo ni ubishi, na utashinda tu ukiwa na mshipi wa kusokotwa ulio imara, na mbele yake kipande cha nailoni nene isiyolika na mwamba. Vijana mnapenda nyuzi nyembamba eti chambo kiende mbali. Samaki naye akishika, breki ya rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, iwe imekazwa, ukimpa nafasi anazama shinani na unampoteza yeye na chambo. Ukitumia risasi ya uzito, ifunge kwa uzi dhaifu kuliko mshipi mkuu: ikibanwa mwambani inakatika peke yake.

Na usishuke majini kufuata chambo. Maji yale ni baridi na wimbi kubwa huja bila hodi.

Kibali cha kuvua unacho? Kama huna, kaulize posta. Galjoen, samaki wao wa taifa, haruhusiwi kuvuliwa kuanzia 15 Oktoba hadi mwisho wa Februari. Akishika wakati huo mrudishe.

Nyumba ya Mungu ni habari nyingine. Perege hula mwani mdogo na vijidudu, hana shughuli na plastiki yako, mpe mnyoo chini ya boya dogo, pembeni mwa matete. Kambale anaweza kufukuza chambo bandia, na hapo ile ya ndoana iliyofichwa inafaa kabisa, vuta taratibu karibu na tope. Mwambie mjomba aulize kwanza kwa watu wa BMU, kile kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi, kama bwawa liko wazi, na umsalimie. Bado nina deni lake la ndoana namba nane, aje achukue.